Walichukua kila shilingi iliyoingia benki wakaiita mauzo: nilivyopinga tathmini ya milioni 4.6 hapa Nakuru

MamaNafaka (mwenye uzi)

Habari zenu nyote. Mimi huwa nasoma tu na kupita, lakini wiki iliyopita jirani yangu wa soko la Wakulima alikuja stoo kwangu akiwa ameshika simu, mkono unamtetemeka. Ameletewa na KRA, mamlaka ya ushuru, tathmini ya miaka miwili, yaani barua ya ushuru wanaosema hakulipa. Nilipomtazama nikajiona mwenyewe Aprili 2024. Kwa hivyo leo naandika, na nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Nauza mahindi na maharagwe. Nanunua kwa wakulima wa Molo na upande wa Kitale, nauzia vinu vya posho, shule na akina mama wa gorogoro. Nina till ya M-PESA, ile namba ya kupokea malipo ya wateja kwa simu, na akaunti moja ya benki. Akaunti hiyo ndiyo ya biashara, ndiyo ya nyumbani, ndiyo ya kila kitu. Shikeni hapo, kwa maana balaa lote lilitoka hapo.

Ritani ya mwaka 2022 nilitangaza mauzo ya 4,200,000 na faida ya 410,000. Nikalipa ushuru wake, nikatulia. Kumbe KRA wamechukua stetimenti za benki na za till, wakajumlisha kila kilichoingia, wakapata 11,840,000. Wakatoa zile 4,200,000 zangu. Zilizobaki, 7,640,000, wakaziita mapato ambayo sikuyatangaza.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Kodi ya mapato asilimia 30: 2,292,000. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16: 1,222,400. Adhabu ya asilimia 20 juu ya hizo zote mbili: 702,880. Halafu riba ya asilimia 1 kila mwezi. Jumla ikapita milioni 4.6. Stoo yangu na kila gunia lililomo, na ile pikap iliyochoka, ukiuza vyote hufiki nusu.

Na hiyo barua sikuiona siku ilipotumwa. Ilitumwa tarehe 8 Aprili. Barua pepe iliyoandikwa kwenye iTax yangu, ule mfumo wa KRA wa mtandaoni, ilikuwa ya kijana wa cyber aliyenifungulia PIN ya ushuru miaka ya nyuma. Nilikuja kujua tarehe 17, siku tisa zimekwenda kati ya siku 30 ambazo sheria inakupa kupinga. Tafadhali, kabla hujasoma mstari unaofuata, ingia iTax uangalie ni barua pepe ya nani iliyomo.

FundiWaKibuye (Kisumu)

Mama pole sana. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa karibu na Kibuye na nimepata kitu kama hicho, milioni 2 na laki tatu. Mtu ameniambia nitafute mtu wa ndani "tuongee", inaisha kimya kimya. Wewe ulifanyaje?

MamaNafaka

Ndugu yangu wa Kibuye, na mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena na watu wawili. Nilikataa, na nakuomba ukatae. Deni liko kwenye leja ya iTax kwa PIN yako. Ukimpa mtu laki moja mkononi, leja haijui. Siku 30 zitapita ukimsubiri akupigie simu, na baada ya hapo wana haki kuiandikia benki yako iwatumie pesa zilizo kwenye akaunti. Hapo utakuwa umepoteza laki na umepoteza haki ya kupinga.

Nilichofanya ni hiki. Jumapili moja baada ya kanisa nilifunga mlango wa stoo nikabaki na binti yangu. Tulikuwa tumechapisha stetimenti za mwaka mzima, kurasa 214. Tukapanga magunia ya mahindi yakawa kama meza, tukatandaza karatasi juu yake Januari hadi Desemba. Binti alikuwa na kalamu tatu za kung'arisha. Kijani ni mauzo. Njano ni pesa yangu inayohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Waridi ni pesa ya watu. Tukaanza mstari wa kwanza, "Tarehe 3 Januari, 18,500, hii ni nini?" Kama sikumbuki tunafungua kauntabuku ya stoo, tunatafuta tarehe, tunaona ni magunia mangapi yalitoka siku hiyo.

Hadi saa tatu usiku karatasi zilikuwa njano kuliko kijani. Nikalia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba labda kweli mimi ni mwizi wa ushuru, na sasa naona kwa macho yangu pesa moja imehesabiwa mara mbili.

Mteja akinilipa 3,000 kwenye till, inaonekana kwenye stetimenti ya till. Jioni naitoa till naipeleka benki, inaonekana tena kwenye stetimenti ya benki. Afisa alijumlisha zote mbili. Kwa mwaka mzima hiyo peke yake ilikuwa 3,150,000.

Nyingine tulizozitoa moja moja:

Mkopo wa sacco, 800,000. Mkopo si mapato, una barua ya kuidhinishwa na una marejesho kila mwezi.

Chama chetu, 624,000. Mimi ni mweka hazina. Tuko kumi na watatu, kila mmoja 4,000 kwa mwezi, inaingia kwangu halafu namtumia mwenye zamu.

Mwenye kinu cha Kisumu, 1,900,000. Huyu hununua mahindi kupitia kwangu. Ananitumia pesa, nawalipa wakulima siku hiyo hiyo, napakia lori, nabaki na shilingi 50 kwa kila gunia. Yalikuwa magunia 380 kwa 5,000 kila moja. Yangu pale ni 19,000 tu.

Kaka yangu wa Kakamega, 216,000, ya hospitali ya mama.

Pesa zilizotumwa kimakosa zikarudishwa, 40,000.

Jumla 6,730,000. Ukitoa kwenye 7,640,000 inabaki 910,000. Hizo 910,000 ni zangu kweli. Shule mbili zililipa kwa hundi moja kwa moja benki, nami nilimpa mtunza vitabu mauzo ya till na ya mkononi peke yake. Hilo lilikuwa kosa langu na sikulificha.

MwalimuKakamega

Ulikubali 910,000 kwa maandishi? Si hapo umejikaanga mwenyewe?

MhasibuMstaafu (Eldoret)

Mwalimu, niruhusu nijibu hilo maana ndipo wengi wanapoangukia. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinasema pingamizi ni halali pale tu ambapo umeeleza sababu zako waziwazi, umetaja marekebisho unayotaka, umeambatisha nyaraka, na ile sehemu usiyoibishia umeilipa au umeomba kuilipa kwa awamu. Ukiandika "sikubali yote" huku unajua kuna kitu, unawapa nafasi ya kusema pingamizi si halali, na unajivunjia heshima kwa yale mengine ambayo una haki nayo.

Nimefanya kazi ya vitabu zaidi ya miaka thelathini. Pingamizi zinazoanguka nilizoziona, nyingi zilikuwa na hoja nzuri na hazikuwa na karatasi. Kifungu cha 56 kinaweka mzigo wa kuthibitisha juu ya mlipa ushuru. Afisa hahitaji kuthibitisha kwamba ile laki mbili ni mauzo. Wewe ndiye unayehitaji kuonyesha kwamba si mauzo. Inauma lakini ndivyo ilivyo, na ndiyo maana kazi ya kalamu tatu aliyoifanya Mama ni ya maana kuliko barua yoyote ya wakili.

Jambo la pili ni adhabu. Soma barua yako uone ni asilimia ngapi. Kama upungufu ulitokana na kosa la kawaida ni asilimia 20. Wakisema ulificha makusudi ni asilimia 75. Ukiona 75, pinga hilo peke yake kama hoja inayojitegemea. Na riba ya asilimia 1 kwa mwezi haizai riba nyingine, wala haiwezi kuzidi ushuru wenyewe.

Mama, swali moja. Kwa nini hukuwa kwenye TOT, ule ushuru wa biashara ndogo unaotozwa kwenye mauzo? Mwaka 2022 ilikuwa asilimia 1 kwa biashara ya kati ya milioni 1 na milioni 50.

MamaNafaka

Asante mzee wangu. Niliandika kuomba kutoka kwenye TOT, barua ninayo. Nafaka faida yake ni nyembamba, kuna miezi nauza kwa hasara ili stoo isiingie fukusi, na TOT inakata kwenye mauzo hata kama hukupata kitu. Kwa sasa ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na mwisho wake ni mauzo ya milioni 25, kwa hivyo kila mtu apige hesabu yake mwenyewe.

Niendelee. Zile 910,000 nilizikubali, lakini sikukubali zitozwe ushuru zote kama vile mahindi yaliota stoo. Kauntabuku ilionyesha nilinunua mzigo ule na kuusafirisha kwa 802,000. Faida ni 108,000. Kwa asilimia 30 ni 32,400. Nikalipa hiyo siku ile ile niliyowasilisha pingamizi, tarehe 3 Mei. Na kwa sababu wakati huo kulikuwa na msamaha wa adhabu na riba kwa madeni ya hadi mwisho wa 2022, ukilipa ushuru wenyewe kabla ya tarehe 30 Juni 2024, adhabu na riba ya sehemu hiyo ziliondoka.

VAT ndiyo ilinikasirisha zaidi. Mahindi yasiyosagwa hayatozwi VAT. Ni mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa, yamesamehewa na sheria yenyewe ya VAT. Hata ningeuza ya milioni 20 ni hivyo hivyo. 1,222,400 zilikuwa zimewekwa pale kwa sababu tu jumla ilipita milioni 5, kiwango cha kulazimika kujisajili VAT. Nilieleza kwa aya moja, nikaambatisha risiti za ununuzi na stakabadhi za mizani.

FundiWaKibuye

Mimi nauza saruji na mabati, hayo yana VAT. Basi kwangu hiyo hoja haipo?

MhasibuMstaafu

Haipo kwa namna hiyo, lakini usikate tamaa. Swali lako ni kama mauzo yako halisi yalifika milioni 5 kwa miezi kumi na miwili. Wao wamehesabu kila kilichoingia. Toa mikopo, toa pesa ya till iliyopelekwa benki, toa za jamaa. Ukibaki chini ya milioni 5 hukulazimika kujisajili VAT mwaka huo. Ukibaki juu, basi VAT inakuhusu na tutazungumzia ile uliyolipa wewe ukinunua, kama una ankara halali. Tarehe ya barua yako ni ipi?

FundiWaKibuye

Leo ni siku ya 11.

MamaBungoma

Mimi siku 30 zilipita nikiwa nimelazwa kwa upasuaji, ndugu zangu. Nilitoka hospitali nikakuta siku ya 44. Niliambiwa imekwisha.

MhasibuMstaafu

Mama, pole, na haijaisha. Sheria inaruhusu kuomba muda zaidi kwa ugonjwa, kwa kuwa nje ya Kenya, au kwa sababu nyingine ya msingi, mradi usikae kimya bila sababu baada ya hapo. Andika leo. Ambatisha karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka. Na usipeleke ombi peke yake, peleka pamoja na pingamizi lenyewe likiwa kamili, ili waone uko tayari.

MamaBungoma

Mungu akubariki baba. Karatasi ninayo.

MwalimuKakamega

Mama Nafaka, mwisho wake ulikuwa nini? Walikubali yote?

MamaNafaka

Hapana Mwalimu. Kamishna wa ushuru ana siku 60 kutoa uamuzi tangu apokee pingamizi halali, asipotoa, pingamizi linahesabika limekubaliwa. Mimi nilijibiwa siku ya 52. VAT ikafutwa yote. Pesa iliyohesabiwa mara mbili, mkopo, chama, na zilizorudishwa zikatolewa. Kwa chama nilikuwa nimepeleka daftari la kumbukumbu lenye sahihi za wanachama wote kumi na watatu, na nadhani ndilo lililosema, kwa kuwa kila mwezi lilionyesha nani amepokea, na stetimenti ilionyesha pesa ile ile ikitoka kwangu kwenda kwake.

Lakini walikataa 1,900,000 za kinu na 216,000 za kaka. Walisema hakuna mkataba na hakuna ushahidi. Ushuru wa hizo ulikuwa 634,800, na adhabu na riba juu yake. Kwangu hiyo bado ni pesa ya kufunga duka.

Sikulala siku mbili. Kisha nikaamua kwenda Mahakama ya Rufaa za Ushuru. Una siku 30 tangu uamuzi kutoa notisi ya rufaa, ada ni 20,000 na hairudi. Baada ya notisi una siku 14 kupeleka hoja za rufaa, maelezo ya ukweli wa mambo, na ule uamuzi unaoupinga. Wakati huo huo nikaomba usuluhishi nje ya mahakama. Msiombe usuluhishi peke yake mkaacha siku 30 zipite. Nilishauriwa niilinde tarehe yangu kwanza kwa notisi, ndipo nizungumze, na nashukuru nilisikia. Wakishakubali kuzungumza kuna siku 120 za kumaliza.

Kisha nikapanda matatu kwenda Kisumu. Yule mwenye kinu ni mzee wa watu, hajawahi kuniandikia mkataba, tumefanya kazi kwa simu na kwa kuaminiana tangu 2017. Nilimkuta nyuma ya kinu, nguo nyeupe kwa unga. Nilipomweleza hakusema neno, aliingia ofisini akatoka na sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa na kila delivari, yaani hati ya kupeleka mzigo, niliyomtumia mwaka 2022, zimefungwa kwa kamba kwa kila mwezi. Namba ya lori, idadi ya magunia, uzito wa mizani, sahihi ya dereva. Zingine zimeliwa pembeni na panya. Tulihesabu pamoja, 380. Hakuna hata gunia moja lililokosekana. Akaandika barua kwa mkono wake kwamba pesa ile ilikuwa yake na mimi nilikuwa wakala wa 50 kwa gunia, akapiga muhuri.

Kwenye usuluhishi niliweka mezani delivari, barua, na stetimenti inayoonyesha pesa inaingia asubuhi kutoka kinu na inatoka jioni kwenda kwa wakulima. Zile 1,900,000 ziliondolewa. Kwa kaka nilikuwa na risiti za hospitali za 150,000, hizo zikaondolewa. 66,000 zilizobaki sikuwa na karatasi, ingawa najua moyoni zilinunua dawa za mama. Zilitozwa. Ushuru 19,800 na adhabu na riba juu yake. Nililipa Novemba 2024, tukatia sahihi, rufaa ikaondolewa.

FundiWaKibuye

Kwa hivyo kutoka milioni 4.6 ukalipa kama elfu hamsini na kitu.

MamaNafaka

Elfu hamsini na kitu za ushuru, adhabu na riba kwa ajili ya zile 66,000 zisizo na karatasi, ada 20,000, nauli na karatasi. Sikumlipa wakili. Ukiweza mlipe mtu mwenye leseni ya uwakala wa ushuru akuandikie pingamizi, lakini karatasi zako huwezi kumtuma akutafutie, hajui panya wako wamekula wapi.

Na sasa nina akaunti mbili. Ya chama tumefungua ya chama chenyewe, sahihi tatu. Kwenye daftari kila pesa ya mtu inaandikwa siku inapoingia: ni ya nani, ya nini, imekwenda wapi. Ununuzi nadai ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, kwa mwenye kuweza kutoa, kwa sababu tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa nayo inaweza kukataliwa.

KijanaWaCyber_Nakuru

Mama, nimesoma yote. Sisi wa cyber tumefungulia watu PIN nyingi kwa barua pepe zetu kwa sababu mteja hana. Sikuwahi kufikiria barua kama hii inaweza kuingia kwangu nikaipita. Kesho naanza kupekua zangu, yeyote mwenye barua ya ushuru humo nitampigia.

MamaNafaka

Mwanangu, ukifanya hivyo utakuwa umeokoa mtu. Wabadilishie kabisa, wafungulie zao.

FundiWaKibuye

Narudi na habari. Mimi na mke wangu tumekaa na kalamu siku tatu. Mikopo miwili, pesa ya till iliyopelekwa benki, na mshahara wake ambao huingia kwenye akaunti yangu na umeshakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kazini kwake. Huo peke yake ni 612,000 na walikuwa wameuhesabu kama mauzo ya mabati. Mauzo yangu halisi yamekuja 4,370,000. Yaani sikufika milioni 5.

MhasibuMstaafu

Chukua payslipu zake za miezi yote kumi na miwili na ile P9, fomu ya mwaka ya mshahara na kodi iliyokatwa. Andika kila mwezi mbele ya mstari wake kwenye stetimenti. Na hati ya ndoa, usisahau.

FundiWaKibuye

Hati iko nyumbani Siaya, kesho naifuata. Pingamizi naliingiza Ijumaa, itakuwa siku ya 19. Nikipata stakabadhi ya iTax nitaiweka hapa.